Nakala ya Akiba ya Kumbukumbu za Simu

Kwa mwalimu wa Mpanda, mkulima wa Mlele na mvuvi wa Karema, simu janja siku hizi si chombo cha kuzungumzia tu. Humo mna alama za wanafunzi, namba za wateja, picha za hati za viwanja na picha za wazazi waliokwisha kufariki. Simu hiyo ikitumbukia katika Ziwa Tanganyika au ikiibiwa sokoni, chombo chenyewe chaweza kununuliwa kingine. Kumbukumbu zilizokuwamo aghalabu hazinunuliki. Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna ya kuepuka hasara hiyo, pamoja na kanuni ya hisabati inayohusika.

Kumbukumbu hukaa wapi?

Yafaa kwanza tutofautishe mahali patatu. Mahali pa kwanza ni kompyuta za kampuni ya simu. Salio la M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008, limeandikwa huko, wala halimo ndani ya simu. Mwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole akipoteza simu, hutambuliwa kwa alama hizo, hupewa laini mpya yenye namba ileile, na salio lake hulikuta.

Mahali pa pili ni laini yenyewe. Hiyo huhifadhi majina na namba chache tu. Picha haiwezi kuzihifadhi.

Mahali pa tatu ni chipu ya kumbukumbu iliyomo ndani ya simu. Humo chaji ndogo za umeme hunaswa katika vyumba vidogo mno, na hubaki hata betri inapokwisha. Baadhi ya watu hudhani kwamba simu ikivunjika, fundi ataichomoa chipu hiyo na kuisoma. Lakini katika simu nyingi za miaka ya karibuni, yaliyomo huandikwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake umefungamana na simu ileile. Simu ikifa kabisa, maandishi hayo hayasomeki.

Hesabu ya nakala mbili

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa simu kupotea katika mwaka mmoja ni 1/20, na uwezekano wa flashi iliyofungiwa kabatini kuharibika ni 1/20 vilevile. Uwezekano wa kuvikosa vyote viwili ni:

1/20 × 1/20 = 1/400

Hata hivyo, kanuni hii ya kuzidisha ni sahihi pale tu ambapo tukio moja halitegemei jingine. Memori kadi iliyomo ndani ya simu haitimizi sharti hilo, kwani mwizi akichukua simu amechukua na kadi. Flashi inayobebwa katika mkoba mmoja na simu ni hali kadhalika. Hapo nakala ni mbili, lakini mwizi mmoja aweza kuzichukua zote. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu nakala zako, jiulize kama ajali moja yaweza kuziharibu zote pamoja.

Intaneti au flashi?

Nakala yaweza kupelekwa kwa intaneti kwenye kompyuta za mbali. Akaunti ya Google, mathalani, hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo. Tatizo ni muda na gharama ya bando. Tuseme tuna picha za gigabaiti 4, na mtandao unapeleka megabiti 2 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti 1 ni biti 8:

4 × 8 × 1,000 ÷ 2 = sekunde 16,000

Huo ni muda wa saa 4 na dakika 27 hivi. Flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde ingemaliza kazi hiyo kwa sekunde 400, yaani chini ya dakika 7. Hivyo yafaa majina, namba na hati yapelekwe kwa intaneti, na picha nyingi ziwekwe katika flashi inayotunzwa nyumba nyingine.

Jaribio la kurejesha

Nakala haijathibitika mpaka irejeshwe. Fanya hivi:

1. Weka nakala ya picha 5 na majina 5.
2. Ifungue katika simu au kompyuta nyingine.
3. Linganisha idadi, kisha fungua kila kitu kuona kama ni kizima.
4. Ondoa akaunti na nakala yako katika chombo ulichoazima.

Kumbuka kwamba mazungumzo ya WhatsApp yaliyohifadhiwa kwa Google hurejeshwa kwa namba ileile na akaunti ileile. Kwa hiyo neno la siri la akaunti liandikwe karatasini na kufungiwa mahali salama, mbali na simu. Alama za wanafunzi nazo zilindwe popote nakala ilipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za namna hiyo.

Maswali

1. Kwa nini kanuni ya kuzidisha haifai kwa memori kadi iliyomo ndani ya simu?
2. Gigabaiti 64 zitachukua saa ngapi kupelekwa kwa mtandao uliotajwa hapo juu?
3. Flashi yenye gigabaiti hizo ikisafirishwa kwa treni kutoka Mpanda hadi Tabora, ni ipi itakayotangulia kufika?