Ndege wa Jangwani na Hesabu ya Maji

Kusini mwa jimbo la California, nchini Marekani, iko hifadhi ya jangwani iitwayo Anza-Borrego. Ilianzishwa mwaka 1933, na eneo lake lapita kilomita za mraba 2,300. Bonde la Borrego hupata mvua ya kiasi cha milimita 150 tu kwa mwaka, na mchana wa Julai joto mara nyingi hupita nyuzi 40 za Sentigredi.

Katika miezi isiyo na joto kali, watu wengi huenda huko kupiga kambi na kutazama ndege. Baadhi yao husafiri kwa magari-nyumba, yaani magari makubwa yenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Kabla ya kuondoka msafiri hupiga hesabu: maji ya kunywa ni kiasi gani, ya kupikia kiasi gani, na yatatosha siku ngapi. Tangi likikauka, hurudi penye bomba. Lakini nje ya dirisha lake yupo ndege asiye na tangi wala bomba, naye hana budi kuisawazisha hesabu hiyo kila siku. Tuichunguze.

Mapato na matumizi

Joto la mwili wa ndege walio wengi ni baina ya nyuzi 40 na 42. Hewa ikiwa baridi kuliko mwili, joto hutoka mwilini lenyewe. Hewa ikizidi joto la mwili, joto huingia badala ya kutoka, na hapo njia iliyobaki ya kujipoza ni moja tu: kugeuza maji kuwa mvuke. Ndege hana tezi za jasho. Hutweta, na baadhi yao huitikisa ngozi ya koo upesi upesi. Kila gramu moja ya maji inayogeuka mvuke huondoa joto la kiasi cha jouli 2,400.

Hayo ndiyo matumizi. Mapato hutoka katika chakula: wadudu, mijusi, matunda, na maji yanayotengenezwa mwilini chakula kinapounguzwa. Aidha, ndege hutoa uchafu wa naitrojeni kwa umbo la asidi ya yuriki, ule ute mweupe tuuonao katika kinyesi cha kuku. Njia hii hutumia maji machache kuliko mkojo wetu.

Binamu wa dudumizi

Mfano bora ni Geococcyx californianus, ndege wa jamaa moja na dudumizi wetu, apendaye kukimbia ardhini kuliko kuruka. Usiku wa baridi huliacha joto la mwili wake lishuke kidogo ili asiunguze chakula kingi. Asubuhi huyainua manyoya ya mgongo na kuielekeza ngozi yake nyeusi kwenye jua, apate joto bila gharama. Maji huyapata zaidi katika mijusi na nyoka awalao, na chumvi iliyozidi huitoa kwa tezi zilizo karibu na macho.

Udogo una gharama

Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo la uso wake ni sentimita za mraba 6, na ujazo sentimita 1 ya ujazo. Wenye upande wa sentimita 10 una uso wa 600 na ujazo wa 1,000. Kwa kila sentimita ya ujazo, mdogo una uso mara 10 kuliko mkubwa. Ndivyo kiumbe mdogo anavyopokea joto upesi. Ndege Auriparus flaviceps wa huko ana uzito wa gramu 7 hivi. Akipoteza gramu 1 ya maji, amepoteza sehemu ya saba ya uzito wake.

Uwezo una mpaka

Wanafunzi hudhani kwamba ndege wa jangwani wamezoea joto, basi haliwadhuru. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Joseph Grinnell wa Chuo Kikuu cha California na wenzake waliwaorodhesha ndege wa jangwa la Mojave, lililo kaskazini mwa Anza-Borrego. Karne moja baadaye watafiti walirudi mahali 61 katika jangwa hilo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kila mahali pamepoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya aina za ndege, na kwamba kupungua kwa mvua ni sababu kubwa. Uchunguzi wa mwaka 2019 uliongeza kwamba aina zilizopungua zaidi ni zile ambazo mahitaji yao ya maji ya kujipoza yameongezeka sana, hasa ndege wakubwa walao wanyama na wadudu. Udogo una gharama yake, lakini mwili mkubwa nao wahitaji maji mengi kwa jumla, na alaye nyama hawezi kupata maji kuliko mawindo yake yanavyompa.

Kwa hiyo mtazamaji mwema huamka alfajiri. Adhuhuri hamfurushi ndege kivulini, wala hakai karibu na chemchemi, kwani kila mruko wa bure ni maji yaliyopotea.

Zoezi

Chukua viazi viwili vyenye uzito karibu sawa, uvimenye. Kimoja kiache kizima, cha pili kikate vipande vidogo. Vipime kwa mizani, uvianike juani, kisha uvipime tena kila saa kwa muda wa saa nne.

1. Kila kimoja kimepoteza asilimia ngapi ya uzito wake? Eleza sababu ya tofauti hiyo.
2. Ndege apokeaye jouli 4,800 za joto kwa saa atahitaji kugeuza gramu ngapi za maji kuwa mvuke?
3. Kwa nini kuku hufungua mdomo wakati wa joto kali?