Baridi Itanguliayo Mvua ya Mawe

Wasomaji wetu, leo twapenda kutoa somo juu ya jambo ambalo kila mkazi wa Samuye amelihisi mwilini mwake, lakini ni wachache waliojiuliza asili yake. Mchana wa wakati wa mvua jua huwa kali, hewa imetulia, wala jani halitikisiki. Mara upepo wa baridi huvuma kutoka upande wa wingu jeusi. Vumbi hupanda, mabati hugonga, kuku hukimbilia ndani, na mtu aliyekuwa akitoka jasho hutafuta shuka. Baada ya dakika chache mvua huanza, na mara nyingine ndani ya mvua huwamo mawe ya barafu. Je, baridi hiyo yatoka wapi? Na barafu yawezaje kuanguka katika nchi ya joto kama hii yetu ya Shinyanga?

Maswali haya si ya udadisi tu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe pamoja na upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata na jirani zake, wilayani Kahama, katika mkoa huu huu wetu. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine wengi waliumia, mifugo ilikufa na mazao yaliharibika shambani. Nyumba ziliwaangukia watu waliokuwa wamejificha ndani yake. Kijiji kilichopatwa na msiba ule kilikuwa na mashamba na nyumba kama zetu. Kwa hiyo yatupasa kujifunza.

BARIDI ILIYO JUU YETU

Tuanze na kanuni moja: kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa izidivyo kuwa baridi. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6 au 7. Katika nchi zetu, ukifika kadiri ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, maji huganda. Ndiyo sababu mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una barafu kileleni ingawa uko karibu na ikweta. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe ule kwa mbali, na kiongozi wake wa njia aliuita kwa neno moja tu: baridi. Wataalamu wengine wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa katika nchi ya jua kali. Lakini kiongozi yule alikuwa amekwisha kuwapa jibu.

Samuye hatuna mlima wa namna ile, lakini baridi ile tunayo. Ardhi yetu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Basi hewa iwezayo kugandisha maji iko kadiri ya mita 4,000 juu ya vichwa vyetu, hata siku ya jua kali. Kama njia hiyo ingelazwa chini, mtu mwenye miguu mizuri angeimaliza kwa saa moja hivi.

JINSI MAWE YANAVYOUMBWA

Jua likiisha kuchoma ardhi, hewa ya chini hupata joto, huwa nyepesi, ikapanda kwa nguvu kama moshi wa tanuru la matofali, nayo huchukua mvuke wa maji. Wingu la radi huzaliwa hivyo, likakua hata kufikia mita 12,000 na zaidi. Ndani yake, juu ya mpaka ule wa baridi, yamo matone ya maji yaliyopoa sana lakini hayajaganda bado. Chembe ya barafu ikikutana nayo, maji hunata juu yake na kuganda. Upepo upandao huishikilia isianguke, nayo huzidi kuvikwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Mwisho huwa nzito kuliko nguvu za upepo, ndipo ianguke.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili. Mvua ikiisha kabisa na radi kukoma, mwalimu achukue jiwe kubwa la barafu, alikate katikati upesi kwa kisu, na mara nyingi wataona pete nyeupe na pete angavu zikifuatana. Pete zile ni khabari ya safari ya jiwe ndani ya wingu.

Tena tufahamu kwa nini watu wa pwani huona mvua ya mawe mara chache kuliko watu wa bara la juu. Jiwe liangukalo Dar es Salaam lina safari ndefu katika hewa ya joto, likayeyuka kabla ya kufika. Likianguka kwetu, safari ni fupi zaidi. Huko Kericho na Nandi, nchini Kenya, ambako mashamba ya chai yako juu kuliko kwetu, mvua ya mawe ni nyingi mno, na sehemu zile hutajwa miongoni mwa zile zipigwazo mara nyingi zaidi duniani. Nguvu za mawe haya si za kudharauliwa: tarehe 14 Aprili 1986, huko Gopalganj katika nchi ya Bangladesh, mawe yenye uzito wa kadiri ya kilo moja yaliua watu 92.

UPEPO ULIO TARISHI

Sasa tuje kwenye ule upepo wa baridi. Sote twajua kwamba maji ya mtungi hupoa, kwa sababu maji kidogo hupenya udongo na kukauka nje, na yakikauka huondoka na joto. Mvua nayo hufanya vivyo hivyo. Matone yakikauka njiani na barafu ikiyeyuka, hewa iliyo kati yao hunyang'anywa joto lake. Hewa ikipoa huwa nzito, ikaporomoka chini pamoja na mvua; na ikifika ardhini haina pa kwenda illa kutawanyika pande zote, kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ukingo wake ndio utufikiao kwanza, kabla ya tone la kwanza la mvua.

Katika nchi za mbali kama Marekani jambo hili huonekana kwa ukubwa mwingine. Hewa ya baridi hushuka kutoka upande wa kaskazini, ikienea mamia ya kilomita. Ukingo wake ukipita, upepo hugeuka na kuvuma kwa nguvu. Na katika milima ya Rocky, hata mwezi wa Mei majani yakiwa yamekwisha kuchipua, theluji huanguka na kufunika malisho. Ukingo wetu sisi ni mdogo, hufunika vijiji vichache na kupita kwa muda mfupi; lakini kanuni ni ile ile: hewa nzito ya baridi huingia chini ya hewa ya joto na kuisukuma juu.

Basi upepo ule ni tarishi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mikoa, na yatupasa kuisikiliza katika redio. Lakini tahadhari ya mkoa haiwezi kutaja kila kijiji kitakachopigwa na mawe jioni ya leo. Tarishi huyu hufika mlangoni, naye hutupa dakika chache tu.

TUFANYEJE?

Dakika hizo zitumike hivi. Watoto wachungao waitwe nyumbani mara moja. Aliye mbali asikimbilie chini ya mti, kwa kuwa radi hupenda mti ulio peke yake. Atafute nyumba imara, na akikosa, akinge kichwa chake kwa ubao, kigoda au beseni. Aliye ndani akae mbali na dirisha na mbali na ukuta wenye ufa.

Lakini kazi kubwa ni ya kiangazi, mvua ikiwa mbali bado. Ukuta wa udongo usiochomwa hunywa maji, hulainika, kisha hauwezi kustahimili upepo. Yafaa msingi uwe wa mawe, matofali yachomwe, paa lipite ukuta ili maji yasitiririke juu yake, na mbao za paa zifungwe kwa nguvu. Mfereji uchimbwe ili maji yasisimame penye msingi. Tena miti ipandwe upande utokako upepo, lakini si karibu hata iangukie nyumba.

UPENI MAJERAHA MENGINE NAFASI? HAPANA

Liko neno la mwisho, nalo twawaambia hasa wazee wa vijiji. Baada ya maafa watu huuliza, "Nani ameyatuma?" Mkoa wetu umekwisha kuona vikongwe wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo wameyapata kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mawe hayo hakuyatuma mtu. Yametoka katika baridi iliyo juu yetu sote kila siku, na upepo wake hupita nyumba ya mwema na ya mbaya bila kuchagua. Kijiji kikimwua bibi kizee, msimu ujao wingu litarudi lile lile, na ukuta mbovu utakuwa mbovu vile vile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila msomaji, leo kabla jua halijatua, auzunguke ukuta wa nyumba yake na kuutazama.