Somo la 12: Kompyuta Haioni Kicheza-Nyimbo

Soma habari hii.

Kicheza-nyimbo ni chombo kidogo cha mfukoni. Hutoa muziki kama redio, lakini nyimbo zake zimehifadhiwa ndani ya chombo chenyewe. Ukikiunga na kompyuta kwa waya, unaweza kuhamisha nyimbo hizo.

Kikundi kimoja cha ngoma kilikuwa na chombo kama hicho. Ndani yake mlikuwa na nyimbo 12 za bibi mmoja wa kijijini. Bibi huyo alikuwa amekwisha kufariki. Nyimbo zake hazikuwapo mahali pengine popote. Katibu wa kikundi alikipeleka chombo kwa fundi wa kompyuta ili apate nakala.

Fundi alichomeka waya. Taa ya chombo ikawaka. Chaji ikaingia. Lakini kompyuta haikuonyesha kitu.

"Mama, chombo hiki kimekufa," alisema fundi.

"Mwanangu, kama kimekufa, mbona kinapokea chaji? Tujaribu waya mwingine."

Katibu alisema kweli. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake. Mbili hupitisha umeme. Mbili hupitisha habari, kama vile nyimbo na picha. Lakini nyaya nyingine zina nyuzi mbili za umeme tu. Hizo ni za kuchajia. Kwa nje zote zinafanana.

Waya wa pili ulileta maandishi kwenye kioo cha kompyuta. Fundi alitaka kubonyeza upesi.

"Ngoja kwanza," alisema katibu. "Nisomee. Yanasema nini?"

Fundi akasoma. Kompyuta ilitaka kufomati chombo. Kufomati ni kukiandaa chombo upya, na vilivyomo huonekana vimefutika. Katibu alikataa. Fundi alihamishia waya kwenye tundu jingine, nyuma ya kompyuta. Safari hii nyimbo zote 12 zilionekana. Alizinakili kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi. Sauti ya bibi ikasikika tena. Katibu alifuta machozi.

Mambo ya kukumbuka

1. Hakikisha chombo kina chaji na kimewashwa.
2. Angalia matundu. Vumbi na kutu huzuia habari kupita.
3. Badili kitu kimoja kimoja. Anza na waya, kisha tundu, kisha kompyuta. Hivyo utajua kosa liko wapi.
4. Ukiulizwa kufomati, na huna nakala, kataa.
5. Usichomoe waya wakati nyimbo zinahama. Zikimaliza, toa kwanza chombo kwa amri ya kompyuta, ndipo uchomoe.
6. Weka nakala mahali pawili. Chombo kimoja kikiharibika, kingine kitabaki.

Maswali

1. Katibu alijuaje kwamba chombo hakijafa?
2. Kwa nini waya wa kwanza ulileta chaji bila kuleta nyimbo?
3. Ingekuwaje kama fundi angebonyeza kabla ya kusoma?

Kazi ya kufanya

Zungumzeni darasani: ni nyimbo au sauti gani za kijiji chenu ambazo hazina nakala? Andika majina yake katika daftari lako.

Soma kwanza, ndipo ubonyeze.