Kirusi cha Ebola

Mwezi wa Septemba 1976 watu wengi walikufa huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, nchi iliyoitwa wakati ule Zaire. Walishikwa na homa kali, wakatapika, wengine wakatokwa na damu. Hata masista waliowauguza walikufa. Damu ya sista mmoja ilitiwa katika termosi, ile chupa ya kutunzia chai, pamoja na barafu. Ikapelekwa kwa ndege mpaka Antwerp, Ubelgiji.

Wataalamu waliichunguza kwa hadubini yenye nguvu sana. Waliona nini? Kitu kama uzi mrefu uliopindika. Kilikuwa kirusi kipya. Kikapewa jina la mto Ebola, kusudi watu wa Yambuku wasibaki na aibu ya ugonjwa.

Kirusi ni kidogo mno. Virusi 10,000 vya Ebola vikilazwa ubavu kwa ubavu havifiki upana wa milimita moja! Ndani mna uzi mwembamba uitwao ARN. Uzi huo unachukua amri za kuunda virusi vingine. Umevikwa protini, na nje kuna ngozi laini ya mafuta yenye miiba midogo. Virusi vingine, kama cha ndui, vina ADN badala ya ARN. Kwa umbo na kwa uzi wa ndani, wataalamu hupanga virusi kwa jamaa. Ebola na Marburg ni jamaa moja.

Kirusi hakili wala hakipumui. Kikiwa peke yake hakiwezi kuzaa. Lakini miiba yake ikishika seli ya mwili wa mtu, huingia na kutoa uzi wake. Seli hutii amri za mgeni kama zake yenyewe, ikaunda virusi vingi sana. Navyo hutoka vimejivika ngozi ya seli ile ile.

Penisilini hupiga bakteria, haiwezi kuua virusi. Sabuni ya kawaida huweza, maana huvunja ile ngozi ya mafuta. Lakini sabuni hufanya kazi mikononi tu, si ndani ya damu. Kwa hiyo mwili hufundishwa mapema kwa chanjo: huonyeshwa mwiba wa Ebola bila Ebola yenyewe, ukajifunza kuupiga. Katika Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa.

Maulizo. Ngozi ya kirusi yatoka wapi? Kwa nini sabuni hukiharibu? Kwa nini kirusi hakikuitwa Yambuku?