Msimkalishe Mzee Kutwa

Enyi watoto, wakaza wana na wajukuu, maneno haya yanawahusu ninyi kabla ya kumhusu mzee mwenyewe, kwani aghalabu si yeye aliyetaka kukaa, bali ni ninyi mliomkalisha kwa mapenzi.

Desturi tunayotaka iachwe

Mama aliyepika, akafua na kuteka maji umri wake wote, akishapindukia miaka 60 hunyang'anywa kila kazi anayoitia mkono: akishika ufagio huondolewa, akitaka kwenda dukani hutumwa mtoto, chai huletewa, maji ya kunawa huletewa, naye huambiwa, "Tulia, bibi, umeshatufanyia mengi." Nia ni taadhima, wala hatuilaumu, lakini mwili usiotumika hudhoofu, mapaja husinyaa, tumbo hukua, sukari na shinikizo la damu hupanda, hata yule aliyekuwa akipanda ngazi peke yake asiweze tena kuinuka chooni ila kwa kushikwa mkono. Wagonjwa wa namna hii hatuishi kuwapokea, ilhali wengi wangaliweza kuepushwa na mashaka hayo. Msimkalishe mzee kutwa.

Afanye nini

Atembee. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limenasihi kwamba mwenye miaka 65 na zaidi apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri, yaani mwendo ambao mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na siku 3 au zaidi afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara ili asianguke. Basi ainuke kitini pasi na kujisukuma kwa mikono, akae tena polepole, arudie kadiri awezavyo, ukuta ukiwa karibu. Asiyeweza nusu saa aanze na dakika 5. Kumwagilia mchicha, kufagia ua, kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, yote yamo. Msimkalishe mzee kutwa.

Televisheni

Kila nusu saa, asimame.

Uzito

Msimkondeshe kwa kumnyima chakula, maana nguvu huondoka pamoja na mafuta. Punguzeni sukari ya chai, soda na vya kukaanga. Samaki, mayai, kunde na maharage mwachieni. Akikonda pasi na kukusudia, mpelekeni kwa tabibu.

Hadhari

Mwenye maradhi ya moyo amwone tabibu kwanza. Asitembee jua la utosi, wala asivae kandambili zinazoteleza. Mwenye kisukari anayetumia dawa asitoke na njaa, awe na kitu kitamu mfukoni, na akirudi akaguliwe nyayo. Akiona kizunguzungu aketi. Kifua kikimbana, pumzi ikimkatika, au upande mmoja wa mwili ukimlegea, ni hospitali saa ile ile, si kesho, wala si baada ya kuchuliwa.

Pa kuanzia

Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu apimwe shinikizo la damu na sukari; na kama njia ni fupi naye ana nguvu, mwende kwa miguu.