Alumini: Kutoka Kwenye Shabu Hadi Sufuria ya Futari



Ndugu wasomaji, somo la toleo hili linahusu metali tunayoishika kila siku bila kuifikiria. Sufuria za bwenini, fremu za madirisha ya maduka ya Kamembe, makopo ya vinywaji, nyaya nene za umeme: mara nyingi hizo zote ni alumini. Sisi tunaopika futari kwa pamoja tuna sababu ya ziada ya kuijua, kwani sufuria mbili zinaweza kufanana kabisa, moja ikawa salama na nyingine ikatoa sumu.

Jina na asili yake

Jina hili limetokana na shabu, ile chumvi ya mawe ambayo wazee hutumia kutuliza maji machafu na kuzuia damu baada ya kunyoa. Kwa Kilatini shabu huitwa alumen. Watu waliitumia tangu zama za kale bila kujua kwamba ndani yake imo metali. Chuma kilijulikana mapema, na Qur'ani ina sura yenye jina lake, Al-Hadid. Alumini ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1825 tu, na Hans Christian Ørsted wa Denmark.

Haikuchelewa kwa sababu ya uhaba. Alumini ni takriban 8% ya uzito wa ganda la dunia, na hakuna metali nyingine inayoizidi humo. Udongo wa mfinyanzi unayo, na hata saruji inayotengenezwa Bugarama, hapa Rusizi, ina oksidi yake. Tatizo ni kwamba imeshikamana na oksijeni kwa nguvu sana. Tanuri la makaa hutoa chuma kwenye mawe yake, lakini alumini haliiwezi.

Mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipata njia inayotumika hadi leo. Mawe ya boksiti husafishwa yakawa unga mweupe uitwao alumina. Unga huo huyeyushwa ndani ya kriolaiti yenye joto la karibu nyuzi 960 za Selsiasi, kisha umeme mwingi hupitishwa humo. Kilo moja ya alumini hula takriban kWh 14.

Tulinganishe na hapa kwetu. Mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II kwa pamoja yana uwezo wa karibu MW 70. Kiwanda cha Mozal karibu na Maputo, kilichoanza kazi mwaka 2000, kilijengwa kwa mahitaji ya zaidi ya MW 900. Kwa hiyo, kinachoifanya alumini kuwa ghali ni umeme kuliko mawe.

Sifa na matumizi

1. Ni nyepesi. Kwa ujazo uleule, uzito wake ni karibu theluthi ya uzito wa chuma. Ndiyo maana hutumika katika ndege na magari.

2. Hailiwi na kutu kama chuma. Ikiguswa na hewa, hujifunika mara moja kwa utando mwembamba wa oksidi unaoilinda.

3. Hupitisha umeme vizuri. Kwa uzito sawa, waya wa alumini hupitisha umeme karibu mara mbili ya waya wa shaba, hivyo hufaa kwa njia ndefu za umeme.

4. Huyeyuka kwa nyuzi 660. Fundi mwenye tanuri dogo anaweza kuiyeyusha na kuimimina upya. Kuyeyusha chakavu huhitaji takriban 5% tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya.

Sifa hii ya nne inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kutupa kopo ni israfu, na kijana anayeokota chakavu anafanya kazi yenye thamani. Pili, inabidi tuulize ni chakavu gani kilichoingia tanurini. Vipande vya injini, rejeta na betri vinaweza kuleta risasi, metali yenye sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Uchunguzi wa sufuria za chakavu kutoka Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba risasi hutoka na kuingia katika chakula.

Tahadhari jikoni

Nyanya, ndimu na ukwaju hula ule utando wa oksidi. Usilaze mchuzi wa nyanya ndani ya sufuria ya alumini hadi daku. Uhamishie kwenye chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu. Usikwangue sufuria kwa waya mkali. Kabla ya kununua sufuria kubwa ya kumimina kwa ajili ya pilau ya Iddi, mwulize fundi anachoyeyusha. Naye fundi anayejua ameweka nini, kisha akanyamaza, ameingia katika ghushi ambayo dini yetu imeikataza.

Maswali ya mjadala

1. Kwa nini alumini ilijulikana baada ya chuma ilhali ni nyingi zaidi ardhini?
2. Kamati yetu ya futari ikusanyeje makopo, na iyauze kwa nani?
3. Sufuria za jumuiya yetu zilitengenezwa na nani, na kwa chakavu gani?

Wabillahi tawfiq.