Kutoka Kompyuta hadi Diski: Kuhifadhi Fasihi Simulizi ya Nyeri

Mwanafunzi aliyemrekodi mzee wa Nyeri au Karatina akisimulia ana deni la kumrudishia kazi yake. Iwapo nyumbani kwa mzee mna mashine ya DVD, makala haya yanafafanua hatua tatu za kulilipa.

Kwanza, atoe filamu kamili. Faili la mradi wa uhariri kwa kawaida halibebi picha wala sauti, bali maagizo ya kuunganisha vipande. Ni mfano wa kibuyu cha gĩcandĩ cha Wagĩkũyũ: alama zilizochorwa humkumbusha mghani beti, lakini kibuyu chenyewe hakighani.

Pili, achague umbo la MPEG-2 katika mfumo wa PAL: nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, filamu ya saa moja huenea vizuri, ya saa mbili hupungua ubora.

Tatu, achome DVD ya video, si ya data, kisha aifunge. Isipofungwa, mashine nyingi haziisomi. Aijaribu kwanza kwenye mashine nyingine.

Hatimaye, diski huchakaa. Rekodi asilia ihifadhiwe kwingine pia, kwani msimulizi akishafariki, hapana wa kurudia.